Viraka vya Zambarau

Ukitaka kumuudhi Agripina Kokushubira, mwambie alikuwa na bahati. Wengi wamejaribu, hasa wale waliofika Stockholm miaka ya baadaye wakakuta jina lake limekwisha kuchapwa ndani ya kitabu, wakadhani mambo yalimwangukia tu kutoka juu. Yeye hujibu kwamba bahati haijui kutofautisha karatasi iliyonyonya gundi na karatasi kavu. Kisha anamimina chai, na kama una nafasi ya kukaa, anakueleza.

Alifika mwaka 1967, mwezi wa Novemba, mwezi ambao mtu mwenye akili zake asingeuchagua. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni, kule Bukoba, kilimtuma aje ajifunze kujalidi vitabu kwa miaka miwili, halafu arudi. Miwili ikawa mitatu, mitatu ikawa minne, kwa sababu Mzee Ekstedt, fundi aliyekuwa na karakana ya majalada katikati ya mji, aliiona mikono ya binti yule na hakutaka kuiachia. Usidhani alimsifu. Mzee Ekstedt hakuwa na sifa za kugawa. Aliandika barua moja kwa misheni na nyingine kwa ofisi ya wageni, kisha akamhamishia Agripina kwenye meza ya dirishani. Kwake hiyo ilikuwa hotuba nzima.

Agripina alikaa Hässelby, mwisho kabisa wa reli, ambako ukisinzia garini hupitwi na kituo kwa kuwa hakuna kingine mbele. Alishirikiana chumba na jiko na Muthoni, Mkenya aliyekuja kusomea uuguzi akabaki wodini. Wawili hawa walipendana sana na hawakukubaliana juu ya lolote. Muthoni alisema Kiswahili cha Agripina kinanuka kitabu. Agripina alisema cha Muthoni kimetembea njiani bila viatu. Jumamosi walikwenda pamoja kwenye chumba cha chini cha kanisa, ambako Watanzania na Wakenya wachache walikutana kuimba. Huko hakukuwa na ubishi kuhusu nani anafundisha sauti. Agripina alikuwa binti wa Mwalimu Evodius, na hilo lilitosha.

Sasa huyu Mwalimu Evodius ni lazima nikujulishe, maana bila yeye habari hii haipo. Alifundisha kwaya ya parokia kwa miaka thelathini bila kinanda. Alikuwa na ubao, chaki, na filimbi ndogo ya kutolea sauti ya kuanzia. Nota za mistari alifundishwa na sista mmoja, akazisoma polepole na bila mapenzi. Alichokipenda ni sol-fa, do re mi, na do yake haikuwa na kwao. Soprano wakiwa na nguvu aliipandisha. Besi wakiwa na mafua aliishusha. Wimbo ukabaki uleule, kwa sababu majina yalikwenda nao popote ulipohamia. Watoto wake walijua kuimba do re mi kabla hawajajua kuandika majina yao.

Karatasi zilikuwa adimu. Mwalimu akikosea, hakutupa ukurasa. Alikata ukanda wa karatasi, akaubandika juu ya kosa kwa gundi ya unga iliyopikwa jikoni, akaandika upya juu ya kiraka. Halafu ukurasa ukigeuzwa, upande wa nyuma nao uliandikwa wimbo mwingine. Kazi hiyo ya upande wa nyuma alipewa Agripina tangu alipokuwa na miaka kumi na moja, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa safi.

Ndipo alipojifunza kile ambacho hakusahau tena. Jumapili ya Pasaka aliandika nyuma ya ukurasa wenye viraka vibichi, akaukumbatia kifuani, akakimbia kanisani na gauni lake jeupe. Gundi ilikuwa imepenya karatasi na kuziba vinyweleo vyake vyote. Nyuma ya kila kiraka wino haukuingia ndani. Ulikaa juu unang'aa, unasubiri. Uliposubiri ukapata gauni. Agripina aliimba misa nzima ameziba kifua kwa kitabu cha sala, na mama yake hakumsemesha mpaka Jumatano.

Mwaka 1972, mwezi wa Januari, uliingia karakanani mkoba wa ngozi uliobeba kurasa arobaini na nane. Ulikuwa muswada wa vipande kumi na viwili vya piano vya Algot Brunskog, mtunzi aliyekufa kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Vipande hivyo vilijulikana kwa jina tu, kwa miaka sitini, hadi vilipokutwa chini ya mashuka katika kabati la mjukuu wa dada yake. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, kwa wino mweusi. Lakini juu ya wino ule vilibandikwa viraka kumi na saba, na juu ya viraka nota ziliandikwa kwa ile penseli ya zambarau ambayo ikiguswa na maji hugeuka wino.

Aliyeuleta alikuwa Ebba Wennerholm, daktari wa muziki, si wa kutibu, aliyepewa kazi ya kuutayarisha muswada uchapwe. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye haraka, mwenye haki ya kujiamini kwa sababu alijua mengi. Siku zile Waswidi walikuwa wametupa vyeo vyao vyote kwa mkupuo mmoja. Kila mtu alikuwa "wewe", hata mkurugenzi. Doktari Wennerholm alimwambia Agripina amwite Ebba. Agripina hakuweza. Mtoto wa Mwalimu Evodius amwite mtu mzima jina lake tupu, tena msomi? Akaishia kutunga sentensi ndefu za ajabu ambazo hazikumwita mtu yeyote.

Kazi ya kunyoosha kurasa, kuziba mipasuko na kuzishona upya alipewa yeye. Mzee Ekstedt alisema mara moja tu, huku anasafisha miwani, kwamba kazi hii ndiyo itakuwa mtihani wake wa cheti cha ufundi. Akifaulu, atakuwa fundi kamili. Akishindwa, mkataba wake unakwisha mwezi wa Juni, na hapo ni kufunga mizigo. Agripina aliitikia kwa kichwa, akaanza.

Alikuwa na desturi moja mbaya ambayo karakana ilishaizoea: alinung'unika akifanya kazi. Basi kwa wiki mbili, kila ukurasa uliopita mikononi mwake aliuimba kwa sol-fa chini ya pumzi, mkono wa kulia kwanza, halafu wa kushoto. Hakuufanyia uchunguzi wowote. Kwao hivyo ndivyo karatasi ya nota inavyoshikwa. Kuishika kimya kungekuwa ukosefu wa adabu.

Ijumaa ya wiki ya pili Doktari Wennerholm alikuja na uamuzi. Viraka vyote vibanduliwe Jumatatu kwa mvuke. Alieleza sababu, na zilikuwa sababu za maana. Brunskog alikuwa na mwanafunzi ambaye, baada ya mwalimu wake kufa, alizirekebisha nyimbo zake kadhaa na akajisifu hadharani. Mwandiko wa penseli ulitetemeka, haukufanana na ule wa wino. Basi viraka ni vya mwanafunzi, na kitabu kitachapwa kama mtunzi alivyoandika chini yake. Agripina alisema penseli hii ikipata mvuke itayeyuka yote, haitabaki alama. Daktari akajibu kwamba watapiga picha kwanza, na kwamba kilichobandikwa na mtu mwingine hakina haja ya kulindwa.

Agripina alijaribu ukingo wa kiraka kimoja kwa ncha ya kidole chenye unyevu. Kidole kikatoka zambarau. Akaosha mikono haraka, maana kuna kitu kilikuwa kikimsumbua tangu Jumatano na sasa alikijua. Alichukua kipande cha karatasi ya kaki ya kufungia vitabu, akaandika mistari mitatu ya sol-fa, akaikunja na kuiweka kwenye pochi.

Jumamosi asubuhi jikoni Hässelby alimpa Muthoni karatasi ile kabla hata uji haujapoa. Mstari wa kwanza ulitoka kipande cha tatu, jinsi kilivyokuwa chini ya kiraka, maana karakanani walishaumulika ukurasa kwa taa na kuusoma. Wimbo ulipanda hadi so, ukarudi chini kwa ngazi zilezile: so fa mi re. Mstari wa pili ulikuwa uleule baada ya kiraka. Wimbo ulifika so, ukanyanyuka kidogo tena, ukaruka chini: so la mi re. Muthoni aliimba wa kwanza akasema ni sawa, hauna neno. Aliimba wa pili, akauimba tena bila kuombwa.

"Huu wa pili unaomba kitu," alisema. "Na huu wa tatu je? Si ni uleule tu?"

"Wa tatu nimeutoa kipande cha saba," Agripina alisema. "Mkono wa kushoto, polepole, kwenye do nyingine kabisa. Juu yake mkono wa kulia unakimbia mbio, ndiyo maana hausikiki. Na hapo hakuna kiraka. Ni wino wake mwenyewe."

Muthoni aliweka kijiko chini. "Sasa wewe unangojea nini? Si uende uwaambie hao watu?"

Ilikuwa rahisi kwake kusema. Muthoni cheti chake alikuwa nacho, kimefungwa kwenye fremu ukutani. Jumapili nzima Agripina aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Alijiona mwezi wa Juni yuko uwanja wa ndege na sanduku lake, akienda kumweleza baba yake kwamba alifukuzwa kwa kukataa kufanya alichoambiwa na daktari. Kisha alimfikiria baba yake akisikia sababu. Akagundua kwamba mzee yule angeuliza swali moja tu: je, ulikuwa la au fa?

Jumatatu birika lilikuwa limeshawekwa juu ya jiko la karakana. Agripina alisimama mbele yake, hakuvua koti, akasema hatabandua. Mzee Ekstedt alivua miwani. Doktari Wennerholm alidhani hakusikia vizuri. Ndipo Agripina akatoa karatasi ya kaki na kuimba, kwa sauti kamili ya kanisani, katikati ya mashine za kukandamizia vitabu: kipande cha tatu chenye kiraka, halafu mkono wa kushoto wa kipande cha saba, vyote viwili kwa do moja.

Daktari hakucheka. Alifungua muswada, akahesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Mara nne alirudi nyuma. Mwishowe alikiri kwamba ni wimbo uleule, na kwamba yeye aliyeucheza kwa piano mwezi mzima hakuuona, kwa kuwa macho yake yalikuwa yakisoma funguo mbili tofauti, yaani do mbili. Mtu asiyekuwa na kiburi cha kijinga huonekana saa kama hiyo. Lakini hakuwa mjinga pia, na swali lake lilifuata palepale.

"Mwanafunzi naye angeweza kuusikia kwenye cha saba," alisema, "akaurudisha kwenye cha tatu ili vifanane. Ulichokileta ni kizuri, Agripina, lakini hakisemi nani alitangulia."

Hapo Agripina alikwama. Alikuja na silaha moja, na imeshatumika. Birika lilianza kuvuma. Mzee Ekstedt alitazama saa ya ukutani, kisha akanyoosha mkono kuuchukua ule ukurasa wa kipande cha tatu ili auweke juu ya wavu wa mvuke, na katika kuuchukua akauinua, mwanga wa dirishani ukapiga upande wa nyuma.

Upande wa nyuma ulianza kipande cha nne. Wino mweusi, mwandiko wa Brunskog, hakuna aliyewahi kuutilia shaka. Na Agripina aliona mahali fulani katikati ya mstari wa pili, mahali penye ukubwa wa kiraka, wino umekaa juu ya karatasi, unang'aa.

"Ebba," alisema. "Njoo uone."

Baadaye alishangaa jinsi jina lile lilivyotoka bila kumkwaruza. Alimpokonya Mzee Ekstedt ukurasa, jambo ambalo siku nyingine lingemfukuzisha, akaulaza chini ya taa kwa ubavu. Akawaonyesha. Kushoto wino umezama na kingo zake zimepanuka kidogo. Kulia vilevile. Katikati, nyuma ya kiraka hasa, wino hauna kingo zilizopanuka. Umekaa juu, mweusi na mkali, na nota moja imeburuzwa na kiganja kilichopita kabla haujakauka. Gundi ilikuwa tayari ndani ya karatasi Brunskog alipoandika. Kiraka kilibandikwa kwanza, kipande cha nne kikafuata. Na kama kipande cha nne ni mkono wake, basi kiraka kilikuwepo mbele ya macho yake, na alikuwa bado anaendelea kutunga.

Walikagua vingine. Kati ya viraka kumi na saba, kumi na vinne vilikuwa na maandishi nyuma yake, na vyote kumi na vinne viling'aa. Mwandiko ulitetemeka kwa sababu mtu alikuwa anaandika kwa penseli juu ya karatasi yenye majimaji. Mtu yeyote aliyekua nyumbani kwa Mwalimu Evodius angewaambia.

Mzee Ekstedt alikwenda akazima jiko. Alirudi, akasimama kando ya Agripina. "Cheti chako," alisema, "nitakitia sahihi leo." Agripina alilia, na hakujali nani anaona.

Mwezi wa Oktoba vipande kumi na viwili vilichezwa hadharani, na viraka vyote mahali pake. Agripina alivaa kitenge chekundu na koti la baridi alilokataa kulikabidhi mlangoni. Kwaya ya Jumamosi ilijaza safu nzima ya tano, Muthoni katikati akiwa ametoka zamu bila kulala. Agripina alikuwa ameshawafundisha wimbo ule, kwa hiyo mpiga piano alipofika kipande cha tatu, wimbo ulipopanda so na badala ya kurudi ukanyanyuka hadi la, safu ya tano ilivuta pumzi kwa pamoja. Waswidi waligeuka. Kipande cha saba kilipofika, na wimbo ukapita chini kwa chini mkono wa kushoto, safu ile yote iliuitikia kwa kunung'unika, watu kumi na wawili, polepole, na safari hii hakuna aliyegeuka. Doktari Wennerholm, mstari wa mbele, alikuwa ameinamisha kichwa na anatabasamu.

Kitabu kilichapwa mwaka uliofuata. Katika dibaji Ebba aliandika aya mbili juu ya fundi Agripina Kokushubira, sikio lake na macho yake. Agripina alituma nakala moja Bukoba kwa meli, akasubiri. Alisubiri miezi saba. Alitarajia baraka, labda machozi kidogo kwenye karatasi. Barua ilipofika ilianza hivi:

"Mwanangu, kitabu nimekipata na jina letu nimeliona. Nimewapa kwaya huo wimbo, wanauimba vizuri. Lakini ukurasa wa thelathini na moja, mkono wa kushoto, mara ya pili unapopita, wameandika fa. Hapo ni mi. Haiwezi kuwa fa, wakati kote kwingine ni mi. Nimeshabandika kiraka kwenye nakala yangu. Waambie nao wabandike."

Agripina alicheka mpaka Muthoni akatoka bafuni na povu kichwani. Kesho yake aliipeleka barua kwa Ebba. Walifungua muswada kipande cha saba, mstari wa nne, wakainama wote wawili. Wino ulikuwa wazi: mi. Aliyekosea alikuwa mpanga herufi za nota kiwandani, na macho sita ya wasomi yalilipita kosa lile wakati wa kusahihisha. Mzee mmoja asiye na piano, mwenye filimbi ya kuanzia sauti, alilikamata akiwa ameketi kibarazani kwake, ng'ambo ya bara zima.

Mchapaji alitoa ukanda mdogo wa karatasi wenye nota sahihi, ubandikwe katika nakala zote ambazo hazijauzwa. Chini ya nota, kwa herufi ndogo, palichapwa kwamba sahihisho hili limefanywa na Mwalimu Evodius, Bukoba. Kazi ya kubandika ililetwa karakana ya Mzee Ekstedt, naye aliiweka kwenye meza ya dirishani.

Nakala zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Agripina alipika gundi ya unga mwenyewe. Alibandika moja baada ya nyingine, akiimba, na karakana nzima ikamsikia akifika la.